Kadhia ya Jasho la Bi Mize

TANGAZO LA SERIKALI NAMBA 114. Wananchi wote wanatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo saa mbili na dakika kumi asubuhi, taulo rasmi la kujifutia jasho katika Jamhuri litakuwa jeupe. Mataulo ya rangi ya maziwa, ya rangi ya pembe, na yale yaliyokuwa meupe zamani hayatahesabiwa kuwa meupe. Mwananchi mwenye shaka na weupe wa taulo lake alipeleke ofisi ya wilaya likalinganishwe na taulo la mfano, ambalo litatunzwa ndani ya kabati la kioo na halitaguswa.

Tangazo hili lilisomwa redioni mara saba kwa siku, likitanguliwa na wimbo wa taifa, na sisi wananchi wa Jamhuri ya Fukuto tulilipokea kwa utulivu wetu wa kawaida. Nchi yetu imelala juu ya uwanda wa chumvi, mahali ambapo jua huanza kazi saa kumi na mbili kamili na kuku hutaga wakiwa wamesimama. Jasho tumekuwa nalo tangu kuumbwa kwa uwanda wenyewe. Ila tulikuwa tukilitoa ovyo, kila mtu mahali pake, bila kuweka kumbukumbu.

Aliyetuonyesha ubaya wa hali hiyo ni Mheshimiwa Gaudensi Tumbaine, Waziri wa Usafi wa Ndani. Mheshimiwa alikuwa amehudhuria mkutano katika nchi moja ya baridi, ambako wenyeji wake, walipomwona anatetemeka, walimketisha nusu saa ndani ya sanduku la mbao lenye taa nyekundu. Sanduku hilo huitwa sauna ya infraredi. Infraredi, kama tulivyofafanuliwa baadaye, ni mionzi isiyoonekana, ambayo hupita kwenye ngozi bila kubisha hodi na kwenda kuzifuata sumu za mwilini huko zilikojificha. Mheshimiwa alitoka jasho, akaoga, akala samaki, akalala vizuri. Asubuhi yake aliandika barua ya kurasa nne kueleza kwamba amegundua tatizo la nchi yake.

Bungeni hoja ilipita bila taabu. Mbunge mmoja, aliyewahi kufundisha sayansi, aliuliza ni sumu zipi hasa zinazokusudiwa. Waziri alijibu kwamba sumu zinazotajika zina majina na zinajulikana. Hatari iko kwenye zile zisizotajika. Mbunge aliuliza tena iwapo kazi ya kutoa sumu haifanywi na ini na figo. Waziri alikiri kwamba viungo hivyo vimekuwa vikifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, lakini alisikitika kulieleza Bunge kwamba vimekuwa vikiifanya bila usimamizi, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuwasilisha taarifa ya robo mwaka. Mbunge aliuliza, kwa mara ya mwisho, kuna tofauti gani kati ya jasho la sanduku na jasho lililokuwa likimtiririka yeye pale alipo. Waziri alimjibu kwa upole kwamba jasho lake yeye ni la juu juu. Mbunge aliketi, akajifuta.

*

Sanduku letu liliwasili kwa lori, likawekwa kwenye ukumbi wa wilaya wa mji mkuu na kupigwa nembo ya taifa mlangoni. Uzinduzi ulipangwa Jumatano, na mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe, ambaye angeingia wa kwanza na kutoka jasho kwa niaba ya taifa.

Kwa faida ya msomaji wa kigeni, sina budi kueleza desturi yetu moja. Katika Jamhuri ya Fukuto mgeni rasmi hufika kwa kuwakilishwa. Mtu anayefika mwenyewe kwenye shughuli aliyoalikwa hushukiwa kuwa hana kazi. Basi Mheshimiwa Waziri, kutokana na majukumu mengine ya kitaifa, aliwakilishwa na Naibu wake. Naibu alikuwa safarini, akawakilishwa na Katibu Mkuu. Katibu Mkuu alikuwa kikaoni, akawakilishwa na Mkurugenzi. Naye Mkurugenzi alifika hadi ukumbini, akaugusa mlango wa sanduku kwa ncha ya kidole, akakumbuka kwamba hata yeye ana kikao.

Aliyebaki ni dereva aliyemleta. Aliitwa Machano, mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Alivuliwa shati, akakabidhiwa hotuba ya kurasa kumi na mbili, akafungiwa ndani. Kupitia dirisha dogo la kioo tulimsikia akisoma:

"Nina furaha isiyo kifani kujumuika nanyi siku hii ya leo. Mimi, kama Waziri mwenye dhamana... jamani, huku kuna moto... mimi, kama Waziri mwenye dhamana, sitavumilia sumu ya aina yoyote, iwe ya ndani au ya... nasema kuna moto huku!"

Tulipiga makofi kwenye kila kituo.

Taulo lake lilipopimwa kwenye mizani lilikuwa limeongezeka gramu elfu moja kamili. Kiwango cha kitaifa cha mtu mmoja ni gramu mia mbili na hamsini. Vyeti vinne vya Usafi wa Ndani viliandikwa hapo hapo: cha Waziri, cha Naibu, cha Katibu Mkuu na cha Mkurugenzi. Machano aliulizia chake, akaelezwa kwamba jasho limekwisha, na akashauriwa ajaribu tena siku ambayo hayuko kazini.

Siku hiyo haikupatikana. Cheti cha mwananchi hudumu mwaka mzima, bali cha kiongozi hudumu wiki moja tu, kwa kuwa sumu za uongozi hurejea upesi. Tangu uzinduzi ule, kila Jumatano Machano aliingia sandukuni kuitolea Wizara jasho, na kila Jumatano alitoka akiwa na uzito pungufu na sumu zake zote.

*

Amri iliyofuata iliwahusu watu wote wanaoshika chakula cha umma. Kila mmoja alitakiwa kupata cheti, la sivyo asipike. Wauza kahawa walipita. Wachoma mihogo walipita. Mpika sambusa mmoja alitoa gramu mia nne, akafahamishwa kwamba zilizozidi zimechukuliwa na Serikali.

Kisha ikafika zamu ya Bi Mize Shaali.

Bi Mize alikuwa mwokaji wa mikate ya mofa. Tanuri lake la udongo lilisimama nyuma ya ukumbi wa wilaya, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameliinamia kila alfajiri, akibandika madonge ya unga wa mtama kwenye ukuta wake wa ndani kwa kiganja kitupu na kuyabandua yakiwa mikate. Nusu ya mji ilifungua kinywa kwa mikate hiyo, pamoja na maharage ya Mama Riziki, aliyekuwa na benchi lake pembeni. Wizara nzima ilifungua kinywa hapo pia, kwa kuwakilishwa na Machano, aliyekuja na kapu.

Msimamizi wa upimaji alikuwa Afisa Jasho wa Wilaya, Bwana Alfonsi Kihwele, mtu wa miaka arobaini, mwangalifu, aliyechonga penseli yake kabla ya kila neno la maana. Alikuwa amekuzwa na mkate wa Bi Mize.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Ndilo hili?"

"Ndilo, mama."

"Mbona kama kabati la nguo?"

"Ni la kisasa. Joto lake linafika digrii hamsini na tano."

"Aa," alisema Bi Mize, kwa adabu, akaingia.

Dakika ya kumi alisikika akigonga. Bwana Kihwele alikimbia na birika la maji.

"Mama! Umezidiwa?"

"Hapana, baba. Kuna kanga nyingine kwenye kapu langu. Nipatie nijifunike, humu mna ubaridi wa kuingia mifupani."

Nusu saa ilipotimia alikutwa amelala, amejikunja vizuri, anakoroma kwa staha. Taulo lake, lililoingia na gramu mia tatu, lilitoka na mia mbili tisini na nane.

Bwana Kihwele alipima mara tatu. Alibadilisha mizani. Fomu haikuwa na nafasi ya mtu wa namna hiyo, kwa hiyo alipiga simu Wizarani, na Wizara ikakaa na kutoa tafsiri. Kwanza, sanduku haliwezi kuwa na kasoro, kwa sababu lilizinduliwa na Mheshimiwa Waziri. Pili, ikiwa taulo linaloongezeka uzito ni ushahidi kwamba mtu ametoa sumu, basi taulo linalopungua ni ushahidi kwamba mtu amepokea. Bi Mize Shaali alikuwa amenyonya gramu mbili za sumu kutoka kwenye mali ya Serikali.

"Sumu ya nani hiyo?" aliuliza Bi Mize aliposomewa barua.

Bwana Kihwele alifungua daftari. "Aliyetangulia sandukuni alikuwa muuza ngisi."

"Ndiyo maana," akasema Bi Mize. "Nilisikia harufu, nikajua ni mbao."

*

Jumatatu asubuhi Bwana Kihwele alikwenda kulifunga tanuri, akiwa na askari wawili, mhuri, na kipande cha lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia mihuri. Kwa mujibu wa kanuni, mlango wa jiko lisilo na cheti hupigwa lakiri na mhuri wa Jamhuri juu yake. Askari wa kwanza aliibandika lakiri kwenye mlango wa chuma wa tanuri. Ilichuruzika hadi chini. Akabandika ya pili, nayo ikachuruzika ikiwa na nusu ya nembo. Ya tatu ilimchuruzikia kidoleni, na shughuli ikasimama ili atiwe maji.

Taarifa iliyokwenda Wizarani ilisema kwamba tanuri limekataa kutii. Jibu lilirudi kabla ya adhuhuri: Bi Mize asioke kuanzia siku ile, na ifikapo Ijumaa moto uwe umezimwa, ili lakiri ipate kushika.

Hapo ndipo Bi Mize, aliyekuwa amechukulia mambo yote kwa subira, alipoacha kuni na kuketi kwenye kigoda. Ni lazima msomaji aelewe. Udongo wa tanuri lile ulichimbwa kwenye uwanda wa chumvi, na una tabia yake: ukiwa na moto ni imara kama jiwe, lakini ukipoa, chumvi iliyomo hunywa umande, na siku ya pili ukuta hupasuka kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Mama yake alikuwa na tanuri lingine kabla ya hili. Lilizimwa mara moja tu, siku ya kifo cha mumewe, na juma lile familia ilizika vitu viwili. Aina ile ya udongo haipatikani tena, kwa kuwa machimbo yalifukiwa na juu yake pakajengwa ofisi za Wizara ya Usafi wa Ndani, ambazo ni nzuri sana.

"Alfonsi mwanangu," alisema hatimaye, "ukilizima hili, mimi sijengi jingine. Umri huo sina, na mikono iliyolijenga iko kaburini."

"Si mimi, mama," alisema Bwana Kihwele, na macho yake hayakuwa makavu. "Ni lakiri."

*

Kesho yake foleni ilikuja kama kawaida. Mkate haukuwepo, lakini watu walikuwa wameizoea foleni yenyewe, na kuna habari ambazo mtu hazipati mahali pengine. Bi Mize alikuwa akichochea moto wa tanuri tupu. Kanuni ilikataza mkate. Moto ulikuwa na ruhusa hadi Ijumaa.

Machano alifika na kapu la Wizara, akaelezwa.

"Kwani shida ni jasho?" aliuliza. "Jasho, Bi Mize? Mimi ninalo la kugawa! Wiki iliyopita nimewatolea jasho watu wanne, na mmoja wao nilikuwa nimetoka kumpeleka uwanja wa ndege."

"Jitazame kwanza," alisema Mama Riziki, akikoroga maharage. "Suruali unaishika kwa mkono. Ulikuwa mtu wa kuzibia njia hapa, leo ukigeuka ubavu hatukuoni. Umekauka."

"Nimekauka, sijaisha. Kesho Jumatano naingia. Nitamtolea na Bi Mize gramu zake."

Bwana Kihwele, aliyekuwa amesimama kwenye foleni bila kofia ya kazi, alikohoa. Alieleza kwa masikitiko kwamba haki ya kuwakilishwa ni ya wenye vyeo. Mwananchi wa kawaida hutoka jasho yeye mwenyewe.

"Basi apewe cheo," alisema Machano.

"Cheo hakipatikani hivi hivi, ndugu Machano."

"Kinapatikana. Mimi miaka ishirini nasubiri viongozi nje ya madirisha ya vikao. Unadhani nilikuwa nasikiliza ndege? Sheria ya Kamati, kifungu cha tatu: watu kumi na wawili au zaidi, wakisimama pamoja kwa ajili ya jambo la umma, ni kamati. Na kamati sharti iwe na mwenyekiti. Hapa tuko wangapi?"

Walihesabiwa. Walikuwa arobaini na mmoja.

"Wanaokubali Bi Mize awe Mwenyekiti wa Kamati ya Foleni, wanyooshe mikono!"

"Mimi mikono yote nimeshika bakuli," alilalamika mtu wa nyuma.

"Nyoosha bakuli!"

Bwana Kihwele alichonga penseli yake, akatafuta kasoro, hakuiona. Bi Mize aliombwa atoe neno la shukrani. Alisema kwamba hajui mwenyekiti hufanya nini, akaambiwa kwamba hilo si kikwazo.

*

Jumatano Machano aliingia sandukuni saa tatu. Saa nne alikuwa bado ndani. Alirukaruka. Aliimba. Aliomba aletewe hotuba ya Waziri aisome tena, akitumaini itasaidia. Alipotoka, taulo lake lilikuwa limeongezeka gramu mia mbili na hamsini, wala halikuwa na tone la ziada.

Bwana Kihwele alikuwa na fomu mkononi. Ilikuwa imekwisha kuchapwa, kama kila wiki: kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri.

"Futa hapo," alisema Machano. "Andika Mwenyekiti wa Kamati ya Foleni."

"Machano, fikiri. Jasho hili ni la Waziri. Limekuwa la Waziri tangu uzinduzi."

"Limetoka kwangu."

"Una watoto, ndugu yangu. Una kazi."

"Hao watoto wanakula nini asubuhi? Siku ya pili leo wananiuliza, na sina la kuwaambia. Futa."

"Na kwenye nafasi ya Waziri niandike nini?"

Machano alifikiri, huku amejishikilia kwenye meza.

"Andika kwamba, kutokana na majukumu mengine, jasho lake halikuweza kufika."

Bwana Kihwele hakuandika hili wala lile. Alivaa koti, akachukua faili pamoja na taulo, akaenda navyo Wizarani kwa miguu. Na kwa kuwa cheti cha wiki iliyopita kilikuwa kimekwisha saa sita mchana, ilipofika saa saba Mheshimiwa Gaudensi Tumbaine alikuwa, kisheria, mtu mwenye sumu. Msaidizi wake alimwomba radhi, akakiondoa kiti cha ofisi kisije kikapata sumu.

*

Alhamisi Waziri alifika mwenyewe.

Mji ulipata mshtuko. Wapo waliodhani amefukuzwa kazi; mama mmoja alimpa pole. Alikuwa amevaa suti nzito ya sufu yenye fulana ya ndani, aliyoinunua katika ile nchi ya baridi, kwa kuwa itifaki inataka Waziri aonekane kama alivyokuwa alipofanikiwa. Spika ziliwekwa karibu na tanuri, ambako ndiko kulikokuwa na waya wa umeme, na Mheshimiwa akasimama hatua mbili kutoka mlangoni mwake. Nyuma yake Bi Mize aliendelea na kazi. Ilikuwa siku ya mwisho ya moto wake, na alikuwa ameamua uwe moto wa kukumbukwa.

"Ndugu wananchi," alianza Waziri, "Serikali yenu ni sikivu. Imesikia habari za tanuri. Lakini Serikali haiwezi kuongozwa na tumbo."

"Samahani, baba, sogea kidogo niongeze kuni," alisema Bi Mize, akaufungua mlango.

Joto lililotoka mle lilimfanya mpiga picha arudi nyuma hatua kumi. Waziri hakurudi, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa na waya mfupi.

"Haiwezi kuongozwa na... tumbo. Nitazungumzia nguzo saba za usafi wa ndani. Nguzo ya kwanza..." Alilegeza tai. "Nguzo ya kwanza na ya pili zinafanana." Alishika meza. "Ya tatu hadi ya saba mtazipata kwa maandishi."

Dakika ya ishirini koti lake lilikuwa likidondosha jasho. Akaketishwa kwenye kigoda cha Bi Mize, akapewa maji, akanywa mitungi miwili, na Mama Riziki akampepea kwa mfuniko wa sufuria. Bwana Kihwele, kwa mazoea ya kazi tu, alilichukua lile koti na kuliweka kwenye mizani.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti ya chini, "koti hili nililipima likiwa kavu, lilipokuwakilisha kwenye uzinduzi wa mizani. Limeongezeka gramu mia tisa. Umefaulu mara tatu na zaidi ya nusu."

Waziri aliinua kichwa. Rangi ilikuwa inamrudia.

"Mia tisa? Mimi mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe. Hakuna aliyekuwakilisha."

"Najisikia mwepesi," alisema Waziri, akajishika kifua kwa mshangao. "Jamani, kweli najisikia mwepesi. Hili si tanuri. Hili ni sauna! Na ni bora kuliko ile nyingine. Natamka, kuanzia sasa, kwamba hiki ni Kituo cha Taifa cha Jasho Namba Mbili."

Foleni ilishangilia, mabakuli juu. Bi Mize alisubiri kelele zipungue.

"Kwa hiyo, Mheshimiwa, moto nisizime?"

"Moto wa kituo cha afya? Atakayeuzima atashitakiwa!"

Bi Mize alifumba macho kidogo, akauweka mkono wake juu ya udongo wa tanuri.

"Na mikate nioke?"

Waziri alimtazama msaidizi wake, na msaidizi akatazama kitabu.

"Hapana, mama. Sheria hairuhusu chakula kupikwa ndani ya sauna."

*

Ijumaa, siku ambayo tanuri lingekufa, Bwana Kihwele alikuja kulifungua rasmi. Kanuni inasema kwamba hakuna kituo cha jasho kitakachofunguliwa asubuhi kabla joto lake halijapimwa na kuandikwa. Aliingiza kipimajoto cha kioo mlangoni. Kilipasuka. Aliingiza cha akiba, ambacho pia kilipasuka, na vyote viwili ndivyo vilivyokuwa vya nchi nzima.

"Sasa nitaandika nini?" alijiuliza.

"Mama yangu alipima kwa donge," alisema Bi Mize, bila kugeuka. "Unalibandika ukutani, unahesabu. Likiiva kabla ya mia mbili, moto umezidi. Likichelewa, umepungua."

"Donge la nini?"

"Unga wa mtama na chumvi kidogo."

"Mama, hicho si chakula?"

"Ulishawahi kula unga mbichi, Alfonsi?"

"Sijawahi. Na likishaiva?"

"Likishaiva ni kipimo kilichotumika."

Bwana Kihwele alitoa penseli, akaichonga taratibu, pande zote.

"Kipimo kimoja kinatosha?"

Bi Mize aliitazama foleni, iliyokuwa imefika hadi kwenye kona ya ukumbi.

"Ukuta ni mpana, mwanangu, na kila mahali pana joto lake. Tuseme mia mbili na arobaini."

"Na vikishatumika vinapelekwa wapi?"

"Kanuni ya vifaa," alidakia Machano kutoka kwenye foleni, "inataka viharibiwe mbele ya mashahidi."

"Mashahidi tupo," alisema Mama Riziki, akafunua sufuria ya maharage.

Bwana Kihwele alisimamia uharibifu wa vipimo kumi vya kwanza. Viwili aliviharibu yeye binafsi, kwa chai. Ilipofika saa tatu Wizara ilikuwa imemtuma Machano na kapu, achukue vipimo sita kwa uchunguzi, na tangu hapo haijapita asubuhi bila uchunguzi huo kufanyika. Machano hajaadhibiwa. Barua ya kumwadhibu iliandikwa, lakini mtu wa kuipeleka kwa gari alikuwa yeye.

Hata hivyo mambo hayawezi kuachwa yaende vizuri bila uamuzi. Ilibainika kwamba kituo bora cha afya nchini kinaendeshwa na mtu aliyemo kwenye kumbukumbu kwa kunyonya sumu ya Serikali, na ambaye hajawahi kuonekana na tone la jasho. Jasho ambalo Machano alimtolea lilikuwa bado ndani ya faili, likiwa ushahidi, na lilikuwa limekauka. Baraza la Mawaziri lilikaa kwa siku mbili, Mheshimiwa Tumbaine akihudhuria kwa kuwakilishwa, na wakati wa mapumziko wajumbe walihudumiwa vipimo vya moto ili walielewe suala vizuri. Siku ya tatu redio ilitusomea yafuatayo:

"Baraza limezingatia pande zote na kuamua. Bi Mize Shaali hatambuliwi kuwa amesafika, wala hatambuliwi kuwa hajasafika. Kwa kuwa mtu wa hali hiyo hawezi kusimamia kituo cha afya, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine awezaye kukikaribia, Bi Mize Shaali anateuliwa kukisimamia kwa kumwakilisha Bi Mize Shaali, hadi huyo wa pili atakapotoka jasho. Tanuri lisizimwe. Tanuri lisioke. Swali la wananchi kuhusu mkate limepokelewa, na linafanyiwa kazi."